Shikamoo Iishie Kwenye Chokaa

Mwalimu,

Shikamoo. Naiandika hapa juu kabisa, nje ya mistari, ili usinikatize. Ulizoea kusema shikamoo iishie kwenye chokaa; mtu akishavuka mstari wa kiwanja, awe mkubwa awe mdogo, anaingia na raketi yake tu. Watu wa mtaa wetu wa Buzebazeba waliona huo ni ukosefu wa adabu wa Kizungu. Mimi nilikuwa bado mtoto wa kutumwa dukani, nikakubali kwa mdomo. Miguu na mikono ilikataa kwa miaka mingi, na hilo unalijua kuliko mtu yeyote.

Umeshatimiza mwaka kule Kalinzi, kando ya mumeo, pale migomba inapokutana na kahawa. Jumapili nilipanda pikipiki nikaja. Baridi ni ileile, ukungu ni uleule. Shemeji yako, Mzee Deogratias, alikuwa anapalilia karibu na kaburi. Nilimwamkia, akaitikia. Nakuambia hili mapema kwa sababu mwaka mzima hakuwa akiniitikia, na sababu ni wewe. Usicheke.

Asubuhi ya maziko yako alinipa karatasi ya wasifu niusome mbele ya watu. Alisema mimi ndiye niliyekaa na wewe zaidi, na sauti yangu inafika mbali. Nikasimama. Nikasoma ulipozaliwa Ujerumani, ulivyokutana na mumeo akiwa masomoni huko, mkaja wote, akawa bwana shamba wa kahawa na wewe ukawa Mama Tenisi wa mji mzima. Vyote sawa. Kisha nikafika mahali palipoandikwa kwamba marehemu alikuwa bingwa wa dunia wa tenisi, na kwamba tangu alipoanza kucheza hadi mauti yake hakuna binadamu aliyewahi kumshinda.

Mwalimu, niliishiwa pumzi. Waombolezaji walidhani ni kilio, mama mmoja akaja kunishika bega. Hakikuwa kilio. Nilikuwa naisikia sauti yako: "Siku yangu ikifika, wasije wakanizika na uongo. Sema nani alinishinda."

Nikaikunja ile karatasi, nikasema nilichokijua.

Nilichokijua ulinipa kidogokidogo tukimwagilia kiwanja. Unakumbuka tulivyokitengeneza? Udongo wa kichuguu tuliuchukua njia ya Mwandiga, tukautwanga, tukauchekecha kama unga wa muhogo, tukaumwaga na kuulowesha. Halafu tukalivuta lile pipa lililojaa maji, mbele na nyuma, hadi ardhi ikalala. Wavu tuliushona kutoka kwenye nyavu kuukuu za dagaa, tukazikunja mara mbili mipira isipenye. Ulipoona ule wekundu umekauka vizuri, uliinama ukaugusa, ukasema ni rangi ya viwanja vya kwenu. Ulisema huko kwenu mvua ilikuwa haiishi, na mtoto alijifunza kufagia kiwanja kabla hajajifunza kupiga mpira.

Uliacha shule ukawa mchezaji wa kulipwa. Mimi nilipenda sana hapo, nikakuwazia ndege na hoteli. Wewe ukacheka, ukaniambia habari za treni, begi la raketi na begi la nguo, na vyumba vya wageni ambavyo soksi hazikauki. Wenzako waliingia kwenye mashindano kwa majina yao. Wewe ulianza wiki moja kabla, unapigania nafasi ya kuingia. Ulishinda mechi kadhaa. Ulishindwa nyingi, na kila aliyekushinda ulimkumbuka kwa namna alivyopiga. Mara moja ulifika mbali kwenye shindano kubwa, picha yako ikatoka gazetini, na kwenye picha yenyewe umefumba macho.

Halafu mechi ya mwisho. Ulikuwa unaongoza. Ulikimbilia mpira mfupi, goti likageuka, ukatolewa kwa machela. Mpinzani wako alikuja kukupa mkono, lakini ulikuwa umejifunika taulo usoni, hukumwona. Madaktari wakasema basi. Ulikuwa bado kijana.

"Sikushinda na sikushindwa," uliniambia. "Nilibebwa tu. Mchezaji anatakiwa aondoke kwa kushindwa, aende mwenyewe kwenye wavu, atoe mkono. Mimi bado nipo katikati ya mechi."

Sikukuelewa. Kwetu nani anatafuta kushindwa? Lakini niliona kwamba hilo jambo lilikukaa rohoni kuliko goti lenyewe.

Kwa hiyo ukanifundisha mimi. Na mimi nikakutesa, maana nililelewa vizuri. Nikipiga mpira ukakupita, mdomo wangu ulitoa wenyewe: "Pole, Mwalimu." Ulisimama na mikono kiunoni. "Umenipiga wewe, na pole unanipa wewe. Unataka nini hasa?" Nikajibu kwamba sitaki kitu, ni pole tu. Ukaamua kila pole nilipe kwa kulivuta pipa kiwanja kizima. Hakukuwa na kiwanja kilichoshindiliwa vizuri kama chetu mkoa wote wa Kigoma, na chote kilishindiliwa na adabu yangu.

Pole ikaisha. Lililobaki lilikuwa baya zaidi. Kila nilipokaribia kukushinda, mkono ulilegea. Mpira mmoja ungeingia wavuni, mwingine ungetoka nje kidogo, na wewe ungeshinda, na mimi ningeshukuru Mungu kimoyomoyo. Ningewezaje? Wewe ndiye uliyenifunga kidonda cha mguu. Ndiye uliyekuja kwetu na sukari baba alipofariki, ukakaa mkekani na mama tangu asubuhi hadi alasiri bila kusema neno. Mtu wa namna hiyo unamkimbiza kona hii na kona ile, na goti lake lile, mpaka ashindwe, kisha urudi nyumbani ule ugali?

Siku ulipogundua, hukunigombeza. Ningependa ungenigombeza. Ulikwenda ukakaa juu ya pipa, ukaweka raketi chini, ukaniangalia kama ndiyo kwanza unaniona. Ukasema taratibu, "Kuna kitu kimoja tu ninachokitaka hapa duniani, unacho wewe, na unaninyima."

Wiki nzima hukufungua geti la kiwanja. Nilipita na ndoo, nikaona kufuli, nikarudi. Mama akaniuliza wewe Mwalimu umeugua nini.

Ulipofungua, ilikuwa asubuhi ya kiangazi, ziwa linameta huko chini mpaka linaumiza macho. Watu wamesahau, kwa hiyo nasema tena: siku ile ulikuwa mzima. Ulikuwa umetoka sokoni kwa miguu na kikapu cha samaki wa mgebuka, ukakitundika kwenye nguzo, ukasema tuanze. Nilicheza. Kwa mara ya kwanza nilicheza mchezo wangu wote, na wewe ukacheza wako. Nikagundua jambo ambalo lilinitia aibu na furaha pamoja: hata nisipolegeza, hukuwa rahisi. Ulinipeleka mbele, ukanirudisha nyuma, ukanifanya nikimbie kama mbuzi aliyekata kamba. Miaka yote nilidhani nakuhurumia, kumbe nusu ya mechi zile ungenishinda tu.

Mpira wa mwisho ulipita kulia kwako. Ulinyoosha raketi, ukaukosa. Mimi niliuma ulimi. Niliuma kweli, nikahisi damu, lakini ile pole haikutoka.

Ukaja kwenye wavu mwenyewe, polepole, unachechemea kidogo. Mkono wako ulikuwa na vumbi jekundu na jasho. Ukanishika, ukasema, "Asante."

Kisha ukalia. Nami nikalia, nikaogopa, nikadhani nimekuvunja. Ukasema hapana, sasa ndiyo umestaafu. Tukala mgebuka wa kukaanga, na ukaniagiza lile la siku ya maziko.

Ugonjwa ulikuja masika yaliyofuata. Kati ya siku ile na siku ulipolazwa, mvua zilianza na mahindi yakawa marefu. Lakini watu wana namna yao ya kuunganisha mambo. Niliposimama kaburini nikasema Mama Tenisi hakuwa bingwa wa dunia, alishindwa mechi nyingi na aliyemshinda mwisho ni mimi, nikasikia ule mngurumo wa watu wanaosema bila kufungua midomo. Mzee Deogratias alichukua karatasi yake mkononi mwangu. Kufika Mwandiga, habari zilikuwa zimenitangulia. Kufika Buzebazeba, nilikuwa mtu aliyempiga mgonjwa mpaka akafa, kisha akajisifu mbele ya jeneza.

Wazazi wakaanza kuwaondoa wasichana niliokuwa nawafundisha badala yako. Mmoja ana kazi za nyumbani, mwingine anajiandaa na mtihani, mwingine hakuleta hata udhuru. Akabaki Hanifa peke yake, binti wa muuza mkaa jirani yetu, ambaye nadhani baba yake hakuwa amesikia. Mwenye nyumba za jirani akaja kuuliza kama kiwanja kimekufa, maana kingefaa sana kuanikia dagaa. Alikuwa sahihi, kimelala vizuri na jua halikosi. Nilimwambia nitafikiri. Mwalimu, nilifikiri kweli. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba mimi niliyetimiza agizo lako ndiye ningeliua jambo lako.

Na mama. Unamjua mama yangu na mawese anayouza, muda wote yuko na madumu yake. Hakunisema. Alinipakulia chakula, akanigeuzia mgongo. Siku moja tu aliniambia, "Ungesoma walichokuandikia. Marehemu angepungukiwa nini?" Nilijiuliza hivyohivyo kila siku. Labda ulikuwa umesema vile kwa furaha ya siku ile tu. Labda wewe wa Kalinzi, chini ya udongo, ungependa ubingwa wa dunia. Nani hapendi?

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita mama alikuja kiwanjani kutafuta dumu lake nililolichukua la kumwagilia. Miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga pale. Alinikuta nacheza na Hanifa. Yule mtoto ana mkono, Mwalimu, ungempenda. Alikuwa amenibana vibaya. Mpira ukabaki mbele yake, juu, mlaini, hata bibi yangu angeupiga. Hanifa akaniangalia, akaupeleka wavuni. Akasema, "Samahani, Mwalimu."

Nilisimama pale. Nilijiona mimi. Nilikuona wewe pia, na kwa mara ya kwanza nikajua ulichokuwa unaonja kila siku kwa miaka ile: kitu kisicho na ladha, na huwezi kukilalamikia kwa sababu umepewa kwa heshima.

Mama ndiye aliyesema. Alikuwa amekaa juu ya pipa, pale pale ulipokuwa ukikaa, dumu liko mapajani.

"Mwana wanje," alimwita Hanifa kwa Kiha, kama binti yake mwenyewe, "mbona ule ulikuwa wako?"

Hanifa akainamisha kichwa. Akasema haifai kumshinda mwalimu.

Mama akanigeukia mimi. "Na wewe ndivyo ulivyokuwa unamfanyia yule mama?"

Nikasema ndiyo. Isipokuwa mara ya mwisho.

Alizungusha kifuniko cha dumu. Halafu akasema, "Mimi mawese yangu sijawahi kuyatia maji. Mtu anajua nimempa kitu. Wewe ulikuwa unamuuzia yenye maji, na anayaona, na anakunywa." Akafunga dumu. "Ile karatasi ya Kalinzi nayo ilikuwa maji matupu. Ulifanya vizuri kuikunja."

Akaondoka na dumu lake. Lakini mama anauza sokoni, na sokoni ndiko wazazi wote wanakopita. Sijui aliwaambia nini. Wiki iliyofuata wasichana wawili walirudi, wakifuatana na mama zao. Kisha wengine. Na Jumapili hii Mzee Deogratias akaitikia shikamoo yangu, akaniuliza kwa upole ule mpira wa mwisho ulipita upande gani. Nikamwambia kulia. Akatikisa kichwa. "Goti la kulia lilikuwa bovu," akasema. Nikamwambia najua, na wewe Mwalimu ulijua kwamba najua, na ndiyo maana uliniambia asante. Alifikiri, akaendelea kupalilia. Nilipokuwa naondoka alinifungia ndizi kwenye majani nimpelekee mama.

Basi dagaa wataanikwa kwingine. Chokaa nimeipaka upya, wavu nimeutia viraka. Sheria nimewaambia wasichana kwa maneno yako, na pipa linavutwa. Hanifa analivuta zaidi ya wote, maana ile samahani bado inamtoka. Jana aliishikilia. Alinipitishia mpira kulia, nikageuka nikauona unagusa mstari. Nikasubiri neno lake. Alikuwa amefumba midomo, macho yamemtoka, anaogopa alichokifanya. Hajanishinda bado, ilikuwa pointi moja tu. Lakini nilitamani ungekuwepo.

Lala, Mwalimu. Kalinzi kuna baridi, ila mumeo yupo, na jina lako halijatiwa chumvi. Nakuahidi hili: sitamlegezea, na sitakubali anilegezee. Siku atakaponishinda nitakwenda kwenye wavu kwa miguu yangu, nitampa mkono wenye vumbi, na nitamwambia lile neno ulilonipa.

Mwanafunzi wako,
Zaituni