Ile Chupa Iko Nyuma ya Gunia la Viazi

Mjomba Sila,

Saudia nzima, kutoka Riyadh mpaka Jeddah, hakuna anayeijua bia kunishinda mimi. Wajuzi wengine wote wamekunywa wakaharibu akili. Mimi sijaonja tone tangu nishuke ndege, kichwa kiko safi kama sahani ya wageni. Cheka tu. Ndivyo ulivyokuwa ukicheka kwenye stoo ya ile hoteli yako, huku unanipiga kofi la kisogo: "Kijana, bia si maji ya kuzima moto!"

Kwanza nikupe habari unayoitaka: chupa yetu haijaguswa. Ile nyeusi ya Ubelgiji uliyopewa na mgeni ukistaafu, ukaapa hatuifungui mpaka nije likizo, tuinywe wawili.

Ilinusurika, lakini. Siku ya mazishi yako Mama alitaka kuimwaga. Si unamjua dada yako na kanisa lake? Nikapiga simu ya video, nalia na kuamrisha kwa pamoja: "Mama, usiitikise! Isimame, usiilaze! Mahali pa giza, pa baridi!" Akanijibu mbele ya watu, "Ndugu yangu tumemlaza chini, wewe unataka chupa isimame?" Waombolezaji walicheka, hata pasta. Sasa iko nyuma ya gunia la viazi, wima kama askari.

Kazi yako naiendeleza. Nilianza Riyadh, nikiwa mlinzi wa jengo moja pale Olaya, na sasa ni dereva, nawasomesha madereva wenzangu hapa Al-Rawdah, Jeddah. Tukingoja madam zetu watoke dukani, wao wanaleta mpira, mimi naleta Ulaya. Nawaambia Wajerumani wana bok, bia nzito inayolazwa kwenye baridi miezi mingi. Wabelgiji nao wana moja, uji wake wa shayiri wanauacha wazi usiku kucha uchachuliwe na hewa yenyewe, unatoka mkali kama ndimu. Wafula, dereva wa nyumba ya jirani, akaniuliza, "Wewe wa darasa la nane, haya uliyatoa wapi?" Nikamwambia kwa profesa. Kwamba profesa alikuwa anabeba kreti, hilo halimhusu.

Ila uliniumbua, Mjomba, hata ukiwa huko chini. Nilinunua kile kinywaji cha shayiri kisicho na kileo, kinauzwa kila duka huku, nikakificha chumbani miezi mingi kiive. Halafu nikawaita wote, nikamimina polepole kama padri. Wafula akaonja, akatema. "Bro, hii ni katoni iliyonyeshewa!"

Na ulikuwa umeniambia! Nyepesi hufa mapema. Ni ile yenye nguvu tu ndiyo huzeeka vizuri, uchungu unapoa, utamu unaingia, mpaka inanukia tende. Mimi nikaenda kuzeesha kileo sifuri, tena kwa joto la Jeddah. Siku hizi naitwa Katoni. Hata mke wa Wafula, ambaye yuko Bungoma na hajawahi kuniona, huuliza, "Katoni hajambo?"

Tende zenyewe ziko tele hapa. Kafili, mwajiri wangu, akinipa zile nyeusi laini, nafumba macho, natafuna polepole, nakisia chupa yetu imefika wapi.

Nitakuja, Mjomba. Nitaifungua pale ulipolala, glasi ya kwanza yako, ya pili yangu, na mashapo nitayaacha chini ya chupa kama ulivyonifundisha. Dada yako akitaka kuomba, tutamngoja amalize. Pumzika, mzee wangu wa kreti.

Lakini kuna jambo. Nyumbani wote wanajua kafili alininyima likizo mwaka jana. Mama anamtaja kwenye maombi, na si kwa wema. Mjomba, hakuninyima. Alisema yalla, nenda kwenu, tiketi hii hapa. Ni mimi niliyesema mwaka ujao. Nilitaka nirudi na saa kubwa na viatu vyeupe, mtaa unione. Ulishaniambia chupa ile inaweza kungoja miaka kumi.

Kuhusu wewe sikuuliza.