Mafuta Yaliyokataa Kushikana

Chelangat mwanangu,

Nimeianza barua hii mara tatu, na mara zote nimeinuka kwenda kufungua kopo moja la mafuta nione kama maji yametoka. Sina subira, unajua. Ni wewe uliyekuwa ukiniambia, "Kugo, kaa chini, utayachokoza mpaka yaharibike." Uliniita kugo, babu, ingawa mimi na baba yako ni rika moja, na sikuwahi kukuuliza kama ilikuwa heshima au utani.

Hii ni wiki ya tisa tangu tukuzike. Kile kifua kilikuchukua kwa siku nne tu, na mimi niliyefanya kazi ya dawa maisha yangu yote nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika kofia.

Jumamosi watoto wa marehemu ndugu yangu watakuja na pikapu kunichukua. Wanasema nirudi nyumbani, ziwani, nijenge hata kama ni nyumba ya chumba kimoja, maana mzee hawezi kufia kwenye chumba cha kupanga. Wamekuwa wakiniandikia hivyo tangu siasa ya vyama vingi ilipoingia na nyumba za watu wa kwetu zikachomwa upande wa juu. Mwaka ule, wewe na mama yako mlikibeba kisanduku changu cha vitabu mkakificha chini ya magunia ya mahindi, na mimi mkaniweka chumba cha nyuma. Wapwa wangu hawaijui habari hiyo. Wanajua tu kwamba nimekaa huku miaka arobaini na moja na kwamba natamka maneno ya kwetu kama mgeni.

Ningeweza kuondoka. Lakini mafuta yako ya mikono, yale uliyowatengenezea wachumaji wa chai, yamekataa kushikana, na mama yako anaamini kwamba anayeyakataa ni wewe. Hakulia aliposema. Aliitazama sufuria akasema, "Mzee, tuache. Mwenyewe hataki." Sikuweza kupanda pikapu nikamwacha na neno hilo.

Nikueleze kwa utaratibu, kama ulivyopenda nikueleze.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Mwezi baada ya mazishi tulipika mafuta ya kwanza, mimi na mama yako, na yalikaa vizuri. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi, hakuna aliyepita. Mama yako akapeleka makopo machache Siongiroi siku ya soko, kwa wanawake wanaokamua ng'ombe. Akarudi nayo karibu yote. Mnunuzi mmoja alinusa akamwambia, "Mama, hii inanuka hosipitali. Weka kitu." Nami, badala ya kukumbuka mafuta hayo yalitengenezwa kwa ajili ya nani, nikaweka kitu. Nilinunua kichupa cha manukato ya waridi Kericho mjini, nikatia matone kwenye makopo yaleyale yaliyorudi, kwa hesabu nzuri kabisa. Yalinukia kama bibi arusi. Safari hii Siongiroi yaliisha kabla ya saa sita, na yale tuliyobakiza nyumbani mama yako akawagawia wachumaji wa hapa kwetu.

Unajua kilichofuata. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba jani la chai linanyonya harufu kuliko kitambaa. Nilikuwa nimeishi kwenye chai miaka mingi kabla hujazaliwa na sikuwa nimelitilia maanani jambo hilo, kwa sababu sikuwahi kuchuma. Ndiyo maana mafuta yako hayakuwa na harufu yoyote, na ndiyo maana wanawake waliyapenda: waliweza kujipaka alfajiri, mipasuko ya vidole ikalala, na karani wa kituo cha majani asijue.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa Mama Joyce, jirani yenu. Karani aliingiza mkono kwenye kikapu chake, akaupeleka puani, akauliza mbele ya foleni nzima, "Mama, unaleta majani ama unaenda harusi?" Watu wakacheka. Kisha hawakucheka tena, maana kikapu chote kilimwagwa kando, na cha aliyemfuata pia. Kazi ya siku nzima ikabaki chini inanyauka. Mama Joyce alipita hapa akaliweka kopo juu ya meza bila kukaa. Alisema, "Chela alikuwa anajua hii kazi," akaenda.

Nikayatupa manukato. Nikamwambia mama yako tutarudi kwenye mafuta yako yaleyale, bila kupunguza wala kuongeza. Hapo ndipo yalipoanza kuachana.

Mara ya kwanza, asubuhi yake, juu kulikuwa na utando mgumu wa nta, na chini maji ya rangi ya maziwa yaliyochujwa. Nilifikiri joto. Maji na mafuta yasipokutana yakiwa na joto moja, nta inashtuka na kuganda kabla haijayashika maji. Nikatoa kipimajoto changu cha zamani, nikahakikisha sufuria zote mbili ziko sawa. Yakaachana. Nikafikiri maji. Tuliacha ya bomba, tukakinga ya mvua, tukayachemsha. Yakaachana. Nikafikiri nta yenyewe, kwamba yule mwenye duka ameniuzia nta ya mishumaa, maana kwa macho zinafanana, lakini ya mishumaa haishiki maji hata uibembeleze vipi. Nikaichukua nta ileile, nikapika kidogo peke yangu chumbani kwangu, kwenye jiko la mafuta ya taa, mlango nimeufunga.

Yalishikana. Yalikuwa laini kama yako.

Ningefurahi, lakini niliogopa. Nta ilikuwa nzuri, maji yalikuwa mazuri, vipimo vilikuwa vyangu. Kilichobaki ni mikono ya mama yako. Na yeye alikuwa amefikia hesabu hiyo kabla yangu. Nilipomwonyesha kopo langu aliligeuza mara mbili akalirudisha. "Kwako anakubali," alisema.

Siku tatu sikulala vizuri wala sikusoma. Nilikwenda na kurudi kati ya chumba changu na kwenu mpaka watu wa njiani wakawa wananiuliza kama nimepoteza kitu. Nilivifungua vitabu vyote. Vyote vinasema jambo moja, kwa maneno karibu yaleyale: koroga taratibu mpaka ipoe. Sentensi hiyo nilikuwa naijua kabla ya kuvaa miwani. Nilikuwa nimeisoma kama mtu anayesoma tarehe ya juu ya gazeti.

Jumatatu nikamwomba mama yako tupike tena, nami safari hii sitatoka jikoni. Unajua desturi yangu: nikishapima na kumimina, kazi yangu imeisha, naenda kukaa nje na wanaume. Nikakaa kwenye kigoda karibu na kuni. Akamimina, akaanza kukoroga. Mkono wake ni mzuri, Chelangat. Ni wako huohuo, hauna haraka, haupigi povu.

Kisha wakaja wawili kutoka Mulot, jamaa wa upande wa baba yako, waliokuwa hawajafika tangu msiba. Mama yako akaweka mwiko kando, akajifuta, akatoka kuwapa mkono. Mtu aliyekuja kukupa pole humsalimii ukiwa umeshika mwiko. Akawakalisha, akaweka chai motoni, wakaomba, wakasimulia walipopata habari. Sufuria ikakaa. Aliporudi, akakoroga kidogo, mara mwanamke wa kanisani akabisha hodi. Akaweka mwiko tena. Mimi mwenyewe nilitoka kumsalimia, kwa adabu, nikaiacha sufuria peke yake, na nilikuwa nimeketi hapo kwa ajili ya kuitazama.

Nilikuwa nimeushika mkono wa yule mwanamke nilipoelewa. Nadhani aliona uso wangu umebadilika akafikiri ni huzuni.

Mafuta yakiachwa yakiwa moto, nta inapanda juu inaganda na kuyaacha maji chini. Hiyo tu. Wewe ulikuwa ukikoroga nusu saa bila kuinua kichwa, na mtu akibisha ulisema, "Ngoja hapo nje, niko na mgonjwa." Tulicheka na tukangoja. Lakini wewe ulikuwa msichana wa nyumba hii, na wageni walikuwa wa kuomba maziwa na chumvi. Mama yako ni mama aliyefiwa. Hawezi kumwambia mtu aliyekuja kukulilia angoje nje. Tangu uondoke, mlango ule haujakaa kimya nusu saa hata siku moja, ila siku ile ya mvua. Wanaokupenda ndio waliokuwa wakiyavunja mafuta yako, mmoja baada ya mwingine, kwa kuja.

Nilimweleza mama yako. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hivyo niwafukuze?" Nikasema hapana, apike nami chumbani kwangu. Akasema jiko lake ni hili. Nikasema basi mgeni ashike mwiko. Hapo alinikasirikia kidogo. Alisema kwao mgeni wa msiba hafanyishwi kazi, na kwamba baada ya miaka yote hiyo ningekuwa nimejua. Sikuwa na wazo lingine.

Jumanne tukapika hata hivyo. Tulikuwa bado tumenuniana, mafuta yameanza kuwa mazito, Mama Joyce akaingia. Hakuwa amekanyaga hapa tangu siku ya kopo. Mama yako akainuka, na mwiko ukawa unakwenda mezani. Mama Joyce akauona. Akaupokea mkononi mwa mama yako kama mtu anayempokea mwenzake mtoto, akasema, "Wewe kaa. Unanisalimia hata nikikoroga." Akakoroga. Mama yako alikaa, kwa mara ya kwanza tangu nianze kumtazama wiki zote hizi alikaa, na alilia hapohapo kwenye kigoda, na Mama Joyce hakusimamisha mkono. Alikuwa anasema tu, "Lia, mimi niko hapa, hii kitu haiendi mahali." Baadaye akaja mwingine, akaupokea mwiko kwa Mama Joyce. Mimi niliwasha kiko nikakaa chini bila kuchokoza kitu, jambo ambalo usingeliamini.

Leo ni Ijumaa. Nimefungua kopo mara ya mwisho sasa hivi, saa nane mchana. Siku tatu, na hakuna tone la maji. Mama yako aliligusa kwa kidole, akajipaka nyuma ya mkono, akanusa. Hakusema ni wewe uliyekubali. Alisema, "Yamekaa," akaenda kumwita Mama Joyce achukue lake alijaribu kesho shambani.

Nimemwandikia maelezo kwa herufi kubwa na kuyabandika karibu na rafu. Nimempa kipimajoto. Vitabu nitavibeba, kwa kuwa hakuna humu ndani anayevihitaji, na mimi ziwani nitahitaji kitu ninachokijua.

Kwaheri, Chelangat. Nilikuja nchi hii ya chai kijana na ninaondoka nikiwa na kaburi moja tu la kulikumbuka huku, nalo ni lako. Nta ya kweli nitaituma kutoka Kisumu kwa basi kila inapokaribia kuisha. Mama yako ataniandikia. Asipoandika, nitatuma tu.

Kugo wako