Dada, Majibu Yamerudi

Dada yangu,

Shikamoo. Nimengoja kidogo hapo, kwa mazoea, nisikie marahaba yako. Haya, naendelea. Anjela amelala mgongoni mwangu. Ulimwacha hajaota meno, sasa anakimbia na kuiba mabibo ya jirani.

Nina habari. Wamekuja.

Tangu tukuzike, bombani palikuwa pazito kwangu. Wenzangu walikuwa wakiniuliza, "Mama Anjela, dada yako alikwenda na maneno yetu, huko aliko anayafanyia nini?" Wanacheka, mimi nainamia ndoo yangu. Ni mimi niliyepita nawe nyumba kwa nyumba, nikiwaambia huyu ni wa kwetu, anafundisha chuo kikuu, mwelezeni watoto mnawalisha nini, atarudi kuwaambia alichokiona. Waliamini uso wangu. Halafu ukaugua, ukaondoka. Dada, nilikukasirikia. Nilimkasirikia mtu aliyelala kaburini, kisha nikalia.

Unakumbuka uliponipigia simu unacheka mpaka unakohoa? Ulikuwa umepeleka majibu yetu darasani kabla hujamaliza utafiti wako, ukayaandika ubaoni: uji asubuhi, uji mchana, uji jioni. Ukawauliza wanafunzi, sasa mbona watoto hawa wanakonda msimu wa korosho, wakati ndipo hela ipo? Binti mmoja kutoka Lukuledi akasimama. "Mwalimu, msimu wa korosho nani anarudi nyumbani mchana kupika uji?" Mimi nilidhani umeona haya. Wewe ukaniambia, "Mdogo wangu, leo darasa langu limenifundisha. Nakuja tena."

Ukaja. Ukashinda nasi shambani ukiokota korosho. Khanga uliyojifunga siku ile ninayo, madoa ya mabibo yamegoma kutoka. Uliwaona watoto chini ya mikorosho, kila mmoja na kipande chake cha mhogo mkavu, na Anjela wangu akilia. Hukumsema mtu. Ulisema tu utarudi na majibu.

Juzi wameteremka kwenye gari la Masasi, vumbi mpaka kwenye kope. Wanafunzi wako! Yule binti wa Lukuledi ndiye aliyetangulia, anaitwa Rehema. Kumbe mwalimu aliyeshika darasa lako hakuufuta ubao wako. Wanaendelea kusoma kwa maneno yetu, na amewaambia somo haliishi mpaka maneno yarudi yalikotoka.

Tulitandika mikeka uani kwa Mama Zuhura. Wakaeleza polepole yote uliyoyaona kwetu, kila mtu akaelewa. Rehema akajaribu Kimakonde, tukamcheka, naye akacheka. Walipofika kwenye uji, Mama Zuhura akadakia, "Sasa mgeni kaja na kalamu yake, nani angemwambia mwanangu anashinda na mhogo mkavu? Tulimpa uji wa mdomoni, sufuriani hamna kitu!" Uani pakalipuka kicheko. Kisha mama mmoja akajifuta macho kwa ncha ya khanga, na mimi nikashindwa kujizuia. Ungekuwepo, dada. Ungekaa pale kwenye mkeka, karibu na mlango.

Tumekubaliana zamu. Msimu huu kila siku mama mmoja haokoti, anawapikia watoto uji palepale shambani, na wenzake wanamwokotea fungu lake. Wa kwanza ni mimi. Sijui kama itadumu. Korosho zikianza kudondoka kwa wingi, unatujua. Lakini natumaini.

Bombani sasa nakinga maji nimeinua uso.

Rehema amesema watarudi msimu ukiisha, kuuliza. Nakuahidi, dada, mimi sitawapa uji wa mdomoni. Zamu ikivunjika nitawaambia imevunjika, hata kama nitaona aibu, waende wakaandike ubaoni vilevile ilivyo.

Pumzika sasa. Anjela ameamka, anataka kula.

Mdogo wako,
Mama Anjela