Bangi ya Daktari, Sepetu la Mama

Albuquerque, 9 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na baraka zako nazipokea hata kabla hujazitoa. Natumaini kifua kimekuachia na kuni hazijakuishia. Huku theluji imeyeyuka, limebaki tope na upepo. Mimi ni mzima wa kula, si mzima wa kuinama.

Naandika kwa sababu simu huko bondeni haishiki, na ikishika unanikatia nikitaja bangi. Barua huwezi kuikatia. Basi nisikilize. Tangu nianguke kutoka kwenye lile paa, mgongo wangu umeshikiliwa na skrubu kama mlango mbovu. Vile vidonge vyeupe vya maumivu walivyonipa mwanzoni, nilivimeza mpaka nikawa nasinzia na kijiko mdomoni. Ni daktari aliyeniandikia bangi badala yake, matone ya kuweka chini ya ulimi, yanauzwa dukani kwa kibali. Kwa kuwa niliumia kazini, bima ya mwajiri ndiyo inayolipa. Tangu hapo sijagusa kidonge.

Sasa kampuni ya bima inataka kuacha kulipa. Wanasema nimepona, eti natafuta starehe tu. Jaji atatusikiliza mwezi wa Juni. Wakili wangu, Bi Lucero, amenionya nisibebe wala kuinua kitu, maana wanatuma watu wa kuchungulia wagonjwa. Matone hayo siwezi kujinunulia mwenyewe, na bila hayo kinachobaki ni vidonge. Naogopa, Mama. Nazunguka humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mwanao,
Eloy

La Cuestita, 3 Machi

Mwanangu Eloy,

Marahaba, Mungu akulinde. Kifua kimepona, sasa ni zamu ya goti. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja ana ukorofi wako.

Bangi ni bangi, hata ikivaa koti jeupe. Kaka yako Onofre alianza na hiyo hiyo nyuma ya ghala, akamalizia na vidonge, nikamzika. Usinitajie daktari. Hata yeye alikuwa na daktari.

Lakini sikuandikii kwa hilo. Jumamosi ya tarehe 23 tunasafisha mfereji. Unaijua desturi, kila nyumba inayotumia maji yake hutoa mtu mmoja na sepetu. Tangu uumie, mimi namlipa mtu wa kunichimbia. Juzi tunatoka misani, Tranquilino, maana mwaka huu yeye ndiye msimamizi wa mfereji, akasema mbele ya watu, "Siku hizi nyumba ya Celedonia inachimba kwa pochi." Wakacheka. Nami ni mjane wa mtu aliyeusimamia mfereji huo mpaka anakufa! Nikamjibu, "Eloy wangu anakuja." Maneno yameshatoka, hayarudi mdomoni.

Njoo usimame tu, wakuone. Sepetu la baba yako nimelinoa.

Mama yako

Albuquerque, 2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nilifika salama, na tangu nifike nimelala chali. Goti linaendeleaje?

Nilikuahidi nitasimama tu. Lakini Tranquilino alipopita na fimbo yake akimpimia kila mtu kipande cha kuchimba, alifika kwangu akasema kwa upole, "Wewe pumzika, Eloy, tutakuchimbia." Angenitukana ningevumilia. Huo upole ndio ulionishinda. Nilikuwa nimeshaweka matone maradufu chini ya ulimi nikiwa garini, basi nikashika sepetu. Nikamaliza kipande changu, akapaza sauti "Songeni!", tukasonga, nikachimba na kingine. Wazee wakasema, "Huyo ni mtoto wa Abenicio kweli." Sikufichi, nilifurahi.

Ya jioni uliyaona mwenyewe. Usimwambie mtu.

Swali moja. Yule kijana mgeni mwenye kamera, aliyesema anapiga picha za mifereji ya kale, ni nani? Nilimwona mezani kwako. Mlizungumza nini?

Mwanao,
Eloy

La Cuestita, 14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti linakusalimu. Maji yalifika jana, mekundu kwa udongo, nami nimeshamwagilia vitunguu.

Tulizungumza nini? Mgeni hapiti mlangoni kwangu na njaa. Nilimpa maharage na nyama ya nguruwe ya pilipili nyekundu, akaramba sahani. Akaniuliza, "Yule ni mwanao? Mbona ana nguvu hivyo!" Nikamwambia mwanangu ni nyumbu, hajaumwa hata siku moja, anachimba cha watu wawili na bado anatafuta cha tatu. Mke wa Tranquilino alikuwa pale ametega masikio, ulitaka niseme nini?

Kijana ana adabu sana. Alinisaidia kuosha vyombo.

Mama yako

Albuquerque, 6 Mei

Mama,

Leo sikuulizi hali, sina pumzi ya salamu.

Huyo kijana wako mwenye adabu alitumwa na kampuni ya bima. Wakili wao ametuonyesha video, mimi na Bi Lucero. Naonekana nachimba, na hilo tungeweza kulieleza. Lakini baadaye inakuja sauti yako, na sahani zinalia: "Mwanangu hajaumwa hata siku moja." Wakili huyo aliirudisha tuisikie tena, huku akitabasamu.

Wamesimamisha malipo mpaka jaji aamue. Matone yaliisha juzi. Daktari hakuwa na jingine, ameniandikia vile vidonge vyeupe. Viko kabatini. Nafungua kabati, nafunga kabati, natoka nje, narudi, nafungua tena.

Ulimlilia Onofre, halafu mimi umenimaliza kwa sifa.

Eloy

Albuquerque, 27 Mei

Mama,

Shikamoo. Hujajibu. Kila gari la posta likipita natoka nje, na kutoka nje kwenyewe ni safari. Kama ni ile barua, nisamehe ukali wa maneno, ingawa jambo lenyewe ni kweli.

Jana nilitoa kidonge kimoja, nikakivunja katikati. Nikavirudisha vipande vyote viwili chupani. Leo sijui itakuwaje.

Jaji ni tarehe 11 Juni. Bi Lucero anasema utaitwa kuhusu ile video. Nimemwambia asikutegemee. Ukija itabidi useme kwamba ulidanganya, na Tranquilino atajua, na bonde zima litajua mwanao anatumia nini. Nakufahamu, Mama. Huwezi.

Mwanao,
Eloy

Albuquerque, 1 Julai

Mama,

Shikamoo, shikamoo tena. Jaji ameandika kwamba kampuni iendelee kulipa. Matone niliyapata Ijumaa, nikalala mpaka jua likanikuta kitandani. Vidonge nimevirudisha duka la dawa, pamoja na kile kilichovunjika.

Sasa niambie. Nilikuona ukiingia na Tranquilino, umevaa ile nguo yako nyeusi, na hukunitazama. Muda si muda kile kiti kikanishinda, wakaniruhusu nikajilaze sakafuni kwenye ukumbi wa nje. Kwa hiyo sikusikia neno. Nilipoweza kuinuka mlikuwa mmeshaondoka, wakasema mnawahi zamu ya maji. Nikimwuliza Bi Lucero ananijibu, "Muulize mama yako," na machozi yanamlengalenga.

Ulisema nini?

Mwanao,
Eloy

La Cuestita, 9 Julai

Mwanangu Eloy,

Marahaba, na baraka zote. Habari ya usingizi wako nimeisoma mara nyingi kuliko habari ya jaji.

Sikujibu kwa sababu nilikuwa na la kufanya kabla ya la kuandika, na nililiogopa. Mwisho nikaenda kwa Tranquilino kumwomba anipeleke mjini. Akauliza kuna nini. Nikamwambia yote, mgongo na bangi na uongo wangu, mkewe akiwa amekaa hapo hapo. Hakucheka. Aliingia ndani kutafuta ufunguo wa gari.

Wakili wao aliniuliza kama sauti ile ni yangu. Nikasema ni yangu, na maneno yale si kweli. Nikamweleza jaji jinsi ulivyoingia jikoni jioni ile kwa magoti, nikakuvua buti, ukang'ata taulo jirani wasisikie. Nikamwambia kuna mwanangu mwingine niliyemkuta amelala na chupa ya vidonge, hakuamka, na hasira yangu yote nikaitupia bangi. Nikamwambia pia kwamba bangi bado siipendi, maana nilikuwa nimeapa kusema kweli.

Ndipo yule wakili akainuka. "Bibi, siku ile ulidanganya huku unampakulia mtu chakula. Leo tutajuaje kama hudanganyi?"

Nilijua Tranquilino yuko nyuma yangu anasikia. Nikamjibu, "Siku ile nilikuwa nalinda jina la nyumba. Leo namlinda mtoto aliyenibakia."

Akakaa.

Mama yako