Kimeli Anataka Spika

Jumatatu, 3 Juni 1996
Spika yangu imerudi kutoka sherehe za Madaraka. Waya mmoja umekatika, maiki imejaa mate ya viongozi. Waya nimeuunga, maiki nimeipanguza kwa spiriti.

Kimeli alipitia dukani. Anaitaka Jumamosi — mkutano wa wakulima wa majani chai, hapa uwanjani mbele ya duka. Nikasema nitafikiria. Akacheka: tangu lini Mama Kinyua anafikiria kabla ya kukodisha?

Kweli. Nimeikodisha kwa wokovu, kwa siasa, kwa matanga, hata kwa yule muuza dawa ya minyoo. Kazi yangu ni kupaza, si kuchuja.

Lakini mwezi uliopita, kwa maiki hiyo hiyo, Kimeli alimwita Onyancha, karani wa mizani ya majani chai, mwizi wa kilo. Kulipokucha madirisha ya Onyancha yalikuwa yamevunjwa, na binti yake akashonwa paji la uso kule hospitali ya Longisa. Kimeli anasema hakumtuma mtu. Namwamini. Ulimi hauna mfupa, na wake nilikuwa nimeuwekea jenereta. Binti mwenyewe hunijia kununua peremende.

Jumatano, 5 Juni
Sub-chifu amekuja. Kanunua sukari asiyoihitaji. Ati spika ni mali yangu, hakuna wa kunilazimisha kumpa Kimeli. Ila leseni ya duka — hiyo hutoka ofisini. Kisha akauliza maharagwe yangu yanaendeleaje.

Mjanja huyu! Sasa nikikataa, nimekataa kwa ajili ya yule mtoto au kwa kumwogopa yeye? Najiambia ni mtoto. Karibu najiamini.

Ijumaa, 7 Juni
Nilimwomba Kimeli aahidi hatataja jina la mtu. Akakataa.

“Mama Kinyua, kilo zangu zinapotea kila siku. Sasa nilaumu nani, mvua?”

Nikamwambia hapana, basi. Hakupiga kelele. Alisema tu wenye spika wa Bomet mjini wamemkataa pia, wote, na kila mmoja amesema ni mali yake. Imeniuma. Kilo zinapotea kweli, kila mtu anajua.

Jumamosi, 8 Juni
Wamejaa! Naandika hapa kaunta, hakuna mteja. Kimeli amesimama juu ya kreti ya soda. Walio mbele wanarudia maneno yake kwa sauti, wa nyuma wanayapokea. Amesema karani aje ajibu. Wa nyuma wameongeza lao — karani aondoke! Kimeli anapunga mikono, hapana, hapana. Nani atamsikia?

Aondoke aende wapi? Leo ni karani aliyetoka Kisii. Kesho ni mwenye duka aliyetoka Nyeri, mimi. Naogopa.

Onyancha ameingia kwa mlango wa nyuma, shati limeloa jasho. Anataka spika.

“Mizani inaletwa kutoka kiwandani ikiwa imechezewa ipunguze kilo, mama. Mimi nasoma tu. Wacha niwaambie.”

Ngai! Kumbe ana neno ambalo Kimeli mwenyewe angelitaka. Lakini nitampaje karani nilichomnyima mkulima? Na huyu nikimnyima, atatokea mlango gani?

Nimewasha jenereta. Uwanja wote umegeuka, unatazama huku. Sub-chifu amevuka barabara. Kimeli ameshuka kwenye kreti, anakuja. Onyancha amenyoosha mkono. Maiki ni moja, nimeishika kwa mkono wa kushoto, wa kulia unaandika.