Matanga ya Praygod

Lipingo, 4 Februari 2024

Mwanangu Asteria,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hatujambo, ila goti la mama yako linamsumbua, na nguruwe pori wamekula muhogo. Hofu ni kwako uliye mbali.

Naandika kwa kalamu kwa kuwa simu huku inakatika kabla mtu hajafika kwenye jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni hili. Ulipokuja Agosti na wenzako wa kamera, ulinisimamisha majini niigize mzee anayemwita mwanawe aliyechukuliwa na ziwa. Ulinipa jina la kwenye hadithi. Mimi nikaita Praygod. Uliona mwenyewe, wala hukunikatiza.

Mama, tangu kaka yako azame na mwili usionekane, sikuwa nimemlilia. Matanga hatukuweka, maana mama yako alisema huenda katokea mzima upande wa Malawi. Sasa amekubali. Nimeongea na Padri Nicholaus: filamu ikiwa tayari tutatundika shuka uani, watu waje wamwone baba akimlilia mwanawe, na hayo ndiyo yawe matanga ya Praygod. Itakuwa tayari lini?

Baba yako,
Cuthbert


Dar es Salaam, 10 Machi 2024

Shikamoo baba, na mama mpe shikamoo yake. Mimi mzima, ila macho yananiuma kwa kukodolea kompyuta. Filamu hii mtayarishaji ni mimi, mhariri ni mimi, na mpika chai ni mimi. Ili nile, nahariri video za harusi za watu.

Nimepata mnunuzi, baba! Kituo cha televisheni. Ila wanasema filamu ni ndefu, na kwamba mzee analia mno, watazamaji watahama chaneli. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kipande chako nimekipunguza kidogo tu, usijali.

Mwanao,
Asteria


Lipingo, 21 Aprili 2024

Mwanangu Asteria,

Tunamshukuru Mungu, tumeamka. Pole na macho.

Kupunguza si neno. Mzee akilia sana huchosha, hata mimi najua. Jina tu lisikike.

Tumepanga Jumamosi ya tarehe kumi na nane Mei. Shangazi yako Gertrude atatoka Liparamba, mbuzi yupo, na Augustino wa kibanda cha video ataleta projekta na jenereta yake. Watu wananisalimia njiani kwa jina la mfiwa, wakati mwanzo walikuwa wakiona haya kunitazama. Njoo na wewe.

Baba yako,
Cuthbert


Dar es Salaam, 9 Mei 2024

Shikamoo baba. Natumaini goti la mama lina nafuu.

Jumamosi hiyo nina harusi ya kupiga picha Mbezi, siwezi kuikwepa. Flashi yenye filamu anakuja nayo Lidia, yule mwenzangu wa kamera, atashuka Mbinga na kukutumia kwa gari la Mbamba Bay. Baba, msitegemee makubwa. Ni filamu ya mtu anayeanza.

Mwanao,
Asteria


Lipingo, 26 Mei 2024

Asteria,

Sisi wazima.

Watu walijaa hadi kwenye migomba. Mama yako alikaa mbele. Filamu yako ni nzuri. Pale muuza dagaa wa usipa anapogombana na mteja watu walicheka, nami nikacheka. Kisha ziwa likaonekana, nikamshika mama yako mkono. Likapita. Akaja mwanamke anasonga ugali, halafu majina. Jina lako nililiona mara mbili.

Watu hawakunyanyuka. Walidhani mashine imeruka mahali. Augustino akairudisha mwanzo, tukaitazama yote tena. Mara ya pili hakuna aliyecheka. Shangazi yako akauliza, "Sasa Praygod yuko wapi?" Nikainuka nikaanza kugawa nyama.

Nimeona aibu, sikufichi. Lakini naomba jambo moja. Nitumie hicho kipande ulichokitoa, kikiwa peke yake. Mimi na mama yako tutakitazama kwenye simu ya padri. Inatosha.

Cuthbert


Dar es Salaam, 15 Juni 2024

Shikamoo baba. Sijui niulize afya yenu kwa mdomo gani.

Kipande hakipo. Diski ilijaa, ile kazi ya Mbezi ikahitaji nafasi, nikafuta kila nisichokitumia. Chako kilikuwamo. Nimehangaika na fundi wa kompyuta, amesema hakirudi. Nimefuta kilio chako ili kuweka vigelegele vya watu nisiowajua.

Mnunuzi alitaka kitoke, hilo ni kweli. Ila baba, kila nilipofika pale nilikuwa nazima sauti. Mhariri gani anahariri bila kusikia? Waliposema kitoke, nilishukuru. Nisamehe.

Asteria


Lipingo, 7 Julai 2024

Mwanangu Asteria,

Salamu. Goti la mama yako lile lile.

Nilikuwa nimekuandalia maneno makali. Nilipomsomea mama yako barua yako akasema, "Kumbe na yeye." Nikayaacha maneno yangu. Agosti ile mimi nililia majini, mama yako akalia mchangani, na wewe ulikuwa nyuma ya kamera umefumba jicho moja. Nilidhani unafanya kazi.

Juzi tumeweka matanga bila picha. Mbuzi hakuwapo, watu wamekula ugali na usipa, na hakuna aliyelalamika. Padri alisali. Nikaingia majini pale pale nikamwita mwenyewe. Sauti ilinitoka vibaya kuliko siku ile, lakini walisikia wote.

Leo asubuhi wanawake walikuja kukunja majamvi. Moja mama yako amekataa lisikunjwe. Anasema matanga hayaondolewi wakati ndugu wa marehemu hajalia. Limetandikwa sebuleni, tunalizunguka tukipita.

Kamera iache huko.

Baba yako,
Cuthbert