Tuliita Kusaidia

London, Jumapili, 9 Novemba. Mwaka wa arobaini na sita tangu niondoke Unguja.

Bado yananijia macho ya watoto wale wa pichani. Mjukuu wangu Salha alikuja na kazi ya skuli: picha ya watoto wa wahamiaji maskini wa mashariki ya London, zamani sana, wameizunguka meza wakigandisha kwa gundi maboksi ya vibiriti.

"Babu, hawa walikuwa watumwa?" aliniuliza kwa Kiingereza chake.

Nikajibu upesi. "Hata. Walikuwa wakimsaidia mama yao."

Binti yangu Zuwena, mama yake, akacheka jikoni. "Kusaidia! Umelisikia neno la babu yako? Basi na mimi nilisaidia. Nikishona vifungo vya mashati ya watu, kila alfajiri, kabla ya skuli."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Alikuwa na miaka tisa. Mwalimu wake aliponiita kulalamika kwamba mtoto anasinzia darasani, nilimwambia anapenda mno kusoma vitabu usiku. Mimi, niliyekuwa mwalimu kwetu.

Nikamwambia Salha, "Andika 'kazi', si 'kusaidia'. Mama yako alifanya kazi, na mimi ndiye niliyempa."

Zuwena alizima jiko.

Tulimwahidi, mimi na marehemu mama yake, kwamba akivumilia miaka miwili tu, sote tutarudi nyumbani. Utoto wake uliishia kwenye vile vifungo kwa ajili ya nauli ya safari hiyo.

Hatukurudi, na sasa sitarudi.